Mama Aliyeleta Viti

Kashikishi, Nchelenge,
14 Februari.

Mpendwa Chouchou, mtoto wa dada yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. U hali gani, mwanangu? Chris na watoto hawajambo? Mvua za Kolwezi zimewaachia paa? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe, ila goti langu, na hilo goti nitakueleza.

Uvuvi bado umefungwa mpaka Machi, mitumbwi imelala mchangani. Mama yako anaupenda msimu huu kwa sababu ufuko ni mtupu, naye anapata nafasi ya kufundisha watoto kuogelea.

Chouchou, nina neno zito. Kwa simu ningecheka-cheka tu na kukuuliza bei ya mihogo, ndiyo maana naandika.

Juma lililopita alikuja binti mmoja wa Lusaka, Misozi, na mwenzake wa kamera. Wanatafuta makocha wa kuogelea wasiojulikana na mtu, wawatengenezee filamu. Sokoni walielekezwa kwetu. Nawe unajua, kwetu mgeni hupokelewa na mwanamume mkubwa wa nyumba. Mama yako akaleta viti, akapiga magoti kusalimu, akarudi jikoni kusonga bukari. Nikabaki mimi na mdomo wangu.

Mwanzoni nilisema "tunafundisha", kama mkubwa anavyoisemea nyumba yake. Nikawaeleza lile bidoni, dumu tupu la mafuta ambalo mtoto hulikumbatia, na jinsi anavyofundishwa kwanza kulala chali na kuangalia mawingu, asipigane na maji. Misozi akaniita kocha. Sikumsahihisha. Jina hilo lilikuwa tamu, mwanangu, sikufichi.

Kisha akaniuliza kwa nini nilianza. Nikamsimulia habari za Roger, mdogo wako. Nikasimulia mtumbwi ulivyopinduka karibu na Puta mwaka ule tulipokimbia vita, na kwamba kama mdogo wako angejua kulala juu ya maji kidogo tu, tungemfikia. Nikalia mbele ya kamera. Machozi yalikuwa ya kweli, lakini kisa ni cha mama yako. Ni yeye aliyewaendea wake za wavuvi baada ya msiba, akajifunza kuogelea akiwa mtu mzima, wakimcheka. Mimi maji yakifika magotini narudi.

Basi wakataka wanione ziwani. Nikasingizia goti. Mama yako alikuwa akiondoa sahani, amesikia yote. Akawaambia goti la kaka yake linamsumbua kweli, leo yeye atawashika watoto kwa niaba yangu. Akaingia majini na kitenge chake, nami nikakaa kwenye kiti nikinyoosha kidole kama bwana mkubwa. Ndiyo ile picha niliyokutumia kwa majivuno: "Kocha Ambroise na msaidizi wake."

Nilimwuliza kwa nini alinifichia. "Yaya, mi sikupenda bale bageni bakuone mubongo," akasema, akaendelea kuanika nguo: hakutaka tu wageni wamwone kaka yake mkubwa kuwa mwongo. Hakunikasirikia hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza.

Njia ya mwongo ni fupi. Jana nikampigia Misozi, nikakiri. Akauliza, "Basi yule mama anaitwa nani?" Siku nzima walikula bukari yake, wakampiga picha, na hakuna aliyemwuliza jina. Mimi ndugu yake sikulitaja hata mara moja.

Wanarudi Jumamosi. Lakini mama yako ameweka sharti: "Utaingia mu maji, yaya. Utashika bidoni sawa batoto bengine. Kisha ndio nitabaambia jina yangu."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Leo asubuhi nimeanza, katikati ya watoto wasio na meno ya mbele, nao hawakunihurumia. Mama yako aliniwekea mkono chini ya mgongo, akaniambia niangalie mawingu. Nilifumba macho kwa aibu. Nilipoyafumbua, mkono haukuwepo, nami nilikuwa bado juu. Nikamlilia Roger upya, na mara hii hapakuwa na kamera.

Nisamehe, mwanangu. Msalimie sana Chris, na umbusu mwanao Towela mdogo. Mungu aliyewavusha awalinde mlipo.

Mjomba wako akupendaye,
Ambroise,
mwanafunzi wa Kocha Marthe.