Swali la Babu Getini

Mjukuu wangu Atieno, mama yako hapa Migosi anakusalimu, shangazi Akinyi pia, na watoto wote wanakuulizia.

Unauliza kama uende kuomba kazi na magongo yako. Baada ya uhuru, nikiwa bibi arusi, nilimsindikiza babu yako, naye wa magongo, kwenye kiwanda cha nyavu. Bawabu akafoka, "Ombaomba waende sokoni!"

Babu akamuuliza, "Na wewe, bwana, kazi hii hukuiomba?"

Yule bwana akacheka mpaka akafungua geti. Miaka mingi babu alizunguka Kisumu akiwaombea kazi vilema wenzake, na kwa kila bawabu alianza na swali hilo.

Nenda na swali hilo, mama. Au umeshaenda? Bawabu alisemaje? Niandikie upesi, roho yangu iko juu.

Nyanya yako