Kizingiti cha Bwana Fundi

Jumanne, 7 Novemba

Naandika nikiwa nimekaa juu ya meza ya chakula. Cherehani yangu iko juu ya kabati. Mama mkwe yuko kitandani, kitanda kiko juu ya matofali. Maji yananifika magotini nikishuka, kwa hiyo sishuki.

Dhoruba ilianza alasiri. Upepo ukang'oa bati la jirani, kisha mvua ikamwagika. Bwana Fundi — mume wangu, anapiga plasta nyumba za watu na mtaa mzima unamwita hivyo — alisimama sebuleni, mikono kiunoni, anatabasamu. Akasema mvua inyeshe itakavyo, hapa haiingii tone. Mwaka jana maji ya barabarani yalituingilia, basi mwaka huu kajenga kizingiti mlangoni. Cha zege. Kina nondo ndani! Kimo cha goti, plasta laini kama sahani. Maji ya barabarani yakaja, yakakigonga, yakaenda zao. Bwana Fundi akanitazama kwa jicho la unaona sasa.

Halafu maji yakaingia kwa uani.

Jumatano, 8 Novemba

Leo nimewaeleza wapita njia mpaka ulimi umekauka. Uani kwetu kuko juu kuliko nyumba, na kumezungushiwa ukuta. Maji yalijaa huko, yakashukia jikoni, yakaja sebuleni, yakafika mlango wa mbele yatoke — yakakuta kizingiti. Hakivuji. Kazi safi. Barabarani kumekauka, watu wanapita na viatu vyao vya ngozi. Kwetu chura analia chini ya kochi.

Msusi wa nyumba ya pili alikuja kuegemea kizingiti, kajishika shavu. Akauliza kuogelea ni bei gani, na watoto ni nusu? Nikamwambia aende akasuke watu. Alipoondoka nikacheka peke yangu, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Tunachota kwa beseni, tunamwaga nje. Uani nako kunaendelea kuchuruzika, tukitoa yanaongezeka. Nikamwambia Bwana Fundi, lete nyundo, toboa hapo chini, maji yatatoka yote kabla chai haijapoa. Alinitazama kama nimemtukana mzazi. Akasema maji ya barabarani yakirudi je? Na wateja wanapita hapa kuangalia kazi yake. Hilo kweli. Leo wamepita wengi mno.

Alhamisi, 9 Novemba

Mama mkwe ameanza kukohoa. Sipendi kile kikohozi. Mwaka jana alilazwa kwa nimonia, na daktari alitukanya tusimweke penye unyevu. Sasa tumemweka juu ya bwawa.

Dada yangu ana chumba kikavu mtaa wa pili, kitanda kimeshatandikwa. Tatizo ni kumtoa mama. Goti lake halipandi kizingiti. Bwana Fundi akajitolea kumbeba. Mama akamwambia, "Nilikubeba mimi, baba. Wewe hunibebi mbele ya watu kama gunia. Nitatoka kwa miguu yangu au sitoki."

Nikamuuliza mara ya mwisho alipita lini mlango ule. Akasema tangu kizingiti kijengwe hajapita. Na mimi miezi yote hii nilidhani mama wa watu amechoka tu kutembea! Kila nikimwambia twende sokoni alisema hajisikii. Alikuwa anamfichia mwanawe aibu. Nimeona uchungu hadi nikashindwa kula.

Baadaye akanilaumu kwamba maji yasingejaa hivi kama ningekuwa nafagia uani vizuri. Uchungu ukapungua.

Jumamosi, 11 Novemba

Jana sikuandika, nilikuwa nachota.

Asubuhi nimeona ajabu. Kizingiti kilipata ufa mwembamba kwa chini, na maji yalikuwa yanatoka pale taratibu, yenyewe, bila beseni. Nilifurahi, nikanyamaza nisimwamshe mume wangu. Nikaenda kumpa mama dawa. Kurudi — Bwana Fundi amepiga magoti ndani ya maji, ana mwiko wake wa plasta, anaziba! Anapuliza mluzi. Akaniambia bahati yetu ameuona mapema.

Nikachukua beseni, nikaendelea kuchota. Ningejibu, mtaa ungehamia kwetu.

Kikohozi kimeshuka kifuani. Sasa mama anatulia katikati ya sentensi kuvuta pumzi.

Jumapili, 12 Novemba

Wingu jeusi tangu asubuhi. Bwana Fundi katoka kuazima pampu.

Mama akaniita. Akasema, "Mkwe wangu, nipe mchi." Nikadhani homa imempanda. Akarudia, mchi, ule wa kutwangia. Nikampa. Akashuka kitandani, maji yakamfika kwenye muundi, akashika bega langu mpaka mlangoni. Nilipotaka kumsaidia akanifukuza. Akasema kaa mezani kwako, hili ni langu na mwanangu.

Basi nimekaa. Naandika ili mikono yangu isiende kumpokonya.

Anapiga. Anapumzika, anakohoa, anapiga tena. Plasta imebanduka kidogo, zege halijatikisika. Watu wamejaa nje. Msusi yupo, na leo hajaegemea kizingiti.

Mvua imeanza kudondoka. Bwana Fundi amerudi bila pampu. Amesimama barabarani, upande wa pili wa kizingiti, anamtazama mama yake. Nilingoja afoke.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mama, hapo unajichosha. Hapo ndipo kwenye nondo."

Mama hakuinua kichwa. "Basi nionyeshe pasipo na nondo."

Sasa amechutama, amefungua mfuko wake wa vifaa, mkono umezama ndani, anapapasa. Nyundo na mwiko vyote vimo humo. Kutoka hapa mezani sioni ameshika kipi, na mama ameacha kupiga, anamngoja.