Jiwe la Baba Litoe Chumbani

Maabara ya Mawe, Chumba cha 4,
S.L.P. 318.
Jumanne, 14 Mei.

Mpendwa Dada,

Hujambo na kazi ya kulea? Kibonge ameanza kutambaa? Na shemeji, mgongo umepoa? Sisi huku wazima wa mwili, ila mimi roho iko juu juu. Simu yako haipatikani tangu jana.

Kabla hujaendelea kusoma, lile jiwe la Baba litoe chumbani kwa mtoto.

Unakumbuka alivyolipasua siku aliyoacha kuchimba visima, nusu yako, nusu yangu? Yangu imekaa kabatini miaka tisa. Jana nilikata kijipande nikakisaga hadi kikawa chembamba kuliko karatasi hii, basi tu, nione ndani ya kumbukumbu ya Baba.

Kwenye hadubini nikaona punje nyeusi, kila moja na duara la hudhurungi kama kitambaa kilichounguzwa na sigara. Nikamwita mkuu wangu huku nacheka. Aliinama kutazama.

“Duara si kitu, mawe mengi yanalo,” akasema. “Mionzi ya punje huunguza jiwe polepole, mamilioni ya miaka. Lakini hizi ni nyingi mno, na zimevimba hadi zimelipasua. Ulikuwa umeliweka wapi?”

“Nyumbani. Kabatini, karibu na kitanda.”

Akaleta kipima mionzi. Chombo kile huwa kinadonoa kama kuku. Safari hii kililia mfululizo.

Nilimwona Kibonge kwenye ile picha uliyotuma, analing'ata jiwe, nanyi mnacheka. Nikamkumbuka Baba, alivyolibeba mfukoni mwa shati, na ugonjwa wake wa damu. Daktari niliyemuuliza anasema hakuna awezaye kujua kama ni jiwe lililouleta. Sijui nishukuru au nilie.

Usilivunje. Vaa mfuko mkononi, litie kwenye kopo lenye kifuniko, likae uani mbali na watu. Chumba kipanguse kwa kitambaa kibichi, usifagie. Kisha mpeleke Kibonge hospitali. Mkuu wangu atakuja Alhamisi kulichukua. Anasema huenda mtoto hana lolote. Nimemfanya alirudie hilo mara tatu.

Mama sijamwambia. Anadhani nina homa.

Nisalimie shemeji na shangazi. Mungu aweke mkono wake kati ya mtoto na jiwe hilo.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Mkata Mawe

Dereva aliyekuletea barua hii nimemwambia asiondoke mlangoni mpaka alione jiwe liko nje. Usimkaribishe chai kwanza.