Mjomba, Ule Uzi Mweupe wa Mgongoni

Mjomba, shikamoo. Najua huitikii, ila nikianza bila kukuamkia utasema mtoto wa dada yako ameshakuwa mhuni wa mpakani. Nimeshakuwa, lakini salamu bado ninazo.

Nakuandikia nimelala kifudifudi, karatasi juu ya mto. Mke wangu, Mama Eliza, ananigeuza kama chapati, upande huu, upande ule. Usimcheke. Mimi mwenyewe nimecheka mpaka nimechoka.

Tangu tukuzike Iyula, Tunduma imebadilika. Bucha lako sasa wanauza vocha na kuchaji simu. Zile kulabu za nyama wamening'iniza chaja. Mimi nikaingia kwenye kupakia mahindi, malori ya kuvuka Zambia. Nilikuwa mchangamfu pale foleni, hata madereva wa upande wa pili wakinisalimia mulishani, nawajibu kwa Kibemba changu cha kubahatisha, tunacheka.

Siku moja nikateleza juu ya magunia, nikaanguka chali kwenye lami. Wenzangu wakafanya wanachokijua. Kuli akiona kitu chini anajua namna moja tu ya kukiinua. Mmoja akashika miguu, mwingine mabega, wakanikunja katikati, wakanitwika begani kwa wa tatu, mbio hospitali. Na mimi nawatania, nawaambia taratibu jamani, mzigo huu haujalipiwa ushuru. Njiani miguu ikanyamaza.

Siwalaumu. Hakuna aliyetufundisha kwamba mtu aliyeumia mgongo habebwi kama gunia, analazwa kwenye ubao amenyooka. Wanakuja kunitembelea, wanakaa hapo mlangoni, hawanitazami machoni. Inabidi mimi mgonjwa ndiye niwachekeshe.

Hospitali kuna dada wa mazoezi ya viungo. Yule ndiye aliyenieleza. Alisema mwili wote umejengwa na makundi manne ya tishu. Nikamwambia dada, mimi nimekulia bucha, nieleze kwa nyama. Akacheka, akanieleza kwa nyama.

La kwanza ni la kufunika. Ngozi kwa nje, na ule utando laini wa ndani ya mdomo na utumbo. Linalinda, linatoa jasho na mate, linanyonya chakula. Nikakuona wewe kabisa, Mjomba, unageuza utumbo kwenye beseni, unaniambia, "Osha taratibu, hiyo nayo ni ngozi." Yangu ya makalioni ilichubuka kwa kulala sana. Imepona. Ngozi haina kinyongo, inazaliwa upya kila siku.

La pili la kuunganisha. Huo ukoo mkubwa na hawafanani: mfupa, gegedu, kano, mafuta, mpaka damu imo. Wengine wanashikilia mwili usisambaratike, mafuta yanatunza akiba, damu ndiyo lori la mizigo. Mfupa wangu wa mgongo umeshaunga. Daktari aliusifia mpaka nikaona wivu.

La tatu misuli, yaani steki yenyewe. Kazi yake kuvuta. Ipo ya kuamuru, kama ya paja, na isiyosubiri amri, kama ya utumbo. Moyo nao una misuli yake peke yake. Kwa hiyo ugali unashuka wenyewe na moyo unapiga wenyewe, hata kama mwenye mwili amelala kama mimi. Mapaja ndiyo yamekwisha. Msuli usiotumika unanyauka. Ungeniona usingenitundika dirishani, wateja wangekimbia.

Na la nne, Mjomba. Neva. Ubongo, na ule uzi mweupe ndani ya mfupa wa mgongo, tuliokuwa tunauchomoa na kuwatupia mbwa kwa sababu hakuna mteja aliyewahi kuuulizia. Kumbe ndio unaopeleka habari. Kichwa kinasema mguu, nyanyuka. Wangu habari zinafika kiunoni, geti limefungwa.

Nikamuuliza kama mfupa umeunga, uzi nao je. Akaangalia pembeni. Akasema huo hauungi kama mfupa, na wangu ungekuwa wa kurudi ungeshaonyesha dalili. Akasema kuna kiti cha magurudumu, nianze kukizoea. Nikakikataa. Nikamwomba asimwambie mke wangu.

Hapo ndipo niliponaswa. Si kwenye hiki kitanda. Kila asubuhi Mama Eliza ananifinya kidole gumba cha mguu. "Unasikia, Baba Eliza?" Na mimi nasema, "Kwa mbali." Anafurahi, anaenda kupika uji huku anaimba. Dada yake yuko Isongole, anamwita wakauze maharage pamoja, meza imeshapatikana. Anamjibu, nitakuja mume wangu akisimama. Anasimamisha maisha yake ananingoja mimi nisimame, na mimi najua. Nimejifungia humu ndani, nimemfungia na yeye. Nikikubali kile kiti atajua. Nisipokikubali tutaozea humu wote wawili, mmoja analala, mwingine anageuza.

Utani umeniokoa na askari, na wadai, na wewe mwenyewe ukiwa umeshika kisu. Huu mmoja wa "kwa mbali" umenikaa shingoni.

Basi Mjomba, lala salama huko kwenye mibuni. Sitakuahidi kutembea kuja kupalilia kaburi, nisije nikaanza uongo mwingine. Nakuahidi hili la leo. Nasikia kandambili zake, amemaliza kuwasha mkaa. Akinifinya nitasema sisikii kitu, Mama Eliza, na sijawahi kusikia. Nitamwambia akamjibu dada yake. Nitamwambia kile kiti kiletwe.

Atalia. Nitamshika, mikono bado ina nguvu.

Huyu anaingia.