Mfaransa wa namba tasa na sifuri ya Neema

Ijumaa, mjini Baraka. Mvua tangu asubuhi, ndagala za watu, dagaa wa ziwani, zimelowa kwenye vichanja, na mimi nina hasira ambayo sitaki inipoe.

Préfet, mkuu wa shule yetu, alirudi kutoka Bukavu na maelezo ya maisha ya Mfaransa mmoja, bingwa wa namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Akawasomea wanafunzi waandike neno kwa neno, pamoja na virgule na point, yaani mkato na nukta: alizaliwa wapi, akasoma wapi, akawa profesa Paris, akavishwa medali. Jina lenyewe alilitamka kila mara kivyake. Alichogundua huyo Mfaransa hakukitaja, maana hakijui. Anasifia mchuzi wa jirani kwa harufu.

Kisha akatoa interro, jaribio la darasani, juu ya maisha hayo, eti ndiyo itachagua watakaoingia maths-physique, mchepuo wa hesabu na fizikia. Swali la mwisho: maisha ya mtaalamu huyu yanatufundisha nini?

Wote waliandika bidii na nidhamu. Neema, binti wa mama muuza ndagala wa kule Swima, aliandika kwamba yamemfanya ajiulize kama namba tasa zina mwisho. Hazina, akasema, na akathibitisha: chukua zote unazozijua, zizidishe, ongeza moja. Ukigawanya jibu kwa yoyote kati ya hizo, moja inabaki. Basi lazima iko nyingine ambayo hukuijua.

Préfet akampa sifuri.

Leo kwenye délibération, kikao cha walimu cha kupitisha matokeo, nilimtetea. Préfet akatabasamu. "Madame, tuliuliza maisha ya muntu, hatukuuliza calcul. Uyu mutoto iko hors sujet, inje ya swali. Aende couture, ashone nguo."

Wenzangu, watu wenye diploma zao, wakatazama viatu. Nawadharau, na naandika hivyo nikiwa nimetulia. Hata Mfaransa mwenyewe angefanya interro ile, naye angepelekwa couture.

Kalamu ikazunguka meza, wakasaini. Ilipofika kwangu niliiweka chini. Bila saini yangu mimi mwalimu wa darasa, matokeo hayapandi Fizi kwenye ofisi ya elimu. Nimepewa hadi kesho asubuhi: nisaini, au nitafute shule nyingine.

Nje nilimkuta Neema kwenye baraza anangoja mvua ikatike. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Hakulia.

"Madame, mu ile hesabu, minakosea wapi?"

"Hakuna, mama. Hakuna hata fasi moja."

Kesho nitamwambia préfet maneno hayo hayo, na kalamu yake abaki nayo.