Migomba ya Mwanamwema

Lushoto, 4 Julai 1951

Mwanangu Mbaruku,

Ninakusalimu huko kwenye mkonge, Korogwe. Sisi tunapumua. Baridi imeunguza maharage, na mama yako anaota moto mchana kutwa.

Uliandika kwamba mkeo Mwanamwema ana migomba yake, kwa hiyo hana shida. Wanaume wengi wa huku milimani hukosea hapo, kwa kuwa tumezoea kulishwa na majembe ya wake zetu. Nisikilize taratibu. Migomba ile alipewa na baba yake, nayo ni mali yake. Hata mke akiwa tajiri, sheria yetu Waislamu inamwambia mume: chakula, nguo na nyumba ni juu yako.

Mimi ndiye niliyemzuia asirudi kwao, nikamweleza kuwa akiondoka bila ruhusa yako anaweza kuipoteza haki hiyo. Akakaa mwaka mzima chini ya paa linalovuja. Jana alikuja kwangu na kanga iliyochanika.

"Shikamoo, baba. Hivi mwanao yu hai?"

"Marahaba. Yu hai, mwanangu."

"Basi mbona mimi nimeshamaliza eda ya kufiwa?"

Nilicheka, naye akanieleza alichokusudia.

Jumatatu ya tarehe 23 atakwenda barazani kuomba ndoa ivunjwe. Ataulizwa nani anajua kwamba hukumtunza, naye atanitaja mimi. Nimechoka kukutetea, na uongo sitasema. Njoo kabla ya siku hiyo umpe haki yake, unikute ningali baba yako tu, sijawa shahidi wake.

Ni mimi baba yako,
Darweshi Shekue