Elfu Nne na Moja

Iguguno, 9 Machi 1975

Dada Febronia, shikamoo.

Mama anakula vizuri na alizeti imestawi. Mengine ni uchovu mtupu.

Katibu alitaka watu wa kijiji chetu, elfu nne na mmoja, tugawanywe katika vikosi vya kazi vilivyo sawa. Nikasimama mkutanoni, maana ujinga hunichokoza. "Haiwezekani," nikasema. "Namba hii ni tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe."

Mwenyekiti Alute, ambaye mkewe hajajaliwa mtoto, akainuka polepole. "Mwalimu, mke wangu amekukosea nini?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Nilieleza kwamba ni neno la hesabu tu, hakuna aliyesikiliza. Nimebishana na wakoloni miaka mingi, dada, lakini sina nguvu ya kubishana na mtu aliyeumia. Jumatatu nahamishiwa Manyoni.

Watabaki elfu nne, wagawanyike wapendavyo. Ila mama amekataa kuhama tena, na macho yake yamefifia. Njoo ukae naye. Ukifika, hesabu itakuwa tasa tena. Usimwambie mwenyekiti.

Mdogo wako,
Chrispin